Waliosimama Kando ya Barabara

Kazi yangu ni kutafuta vitu vinavyotembea. Nikisema hivyo nyumbani Isingiro watu hucheka, na bibi mmoja jirani aliwahi kuniuliza kama serikali imeniajiri kuchunga mbuzi. Nilikasirika siku hiyo, maana hasira zangu ziko karibu tangu utotoni. Siku hizi akiniuliza tena ningemwambia ndiyo, mbuzi, yaishe.

Nieleze basi, kwa sababu bila maelezo hayo haya mengine hayatashika. Ndege ndogo huruka ikiwa imefungwa rada tumboni. Rada hutuma mawimbi kuelekea upande mmoja na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka ardhini, iwe jua, iwe mawingu. Antena yake ni fupi, haizidi urefu wa meza ya kulia chakula. Lakini kwa kuwa ndege inasonga, tunauunganisha mwangwi wa safari nzima kana kwamba tulikuwa na antena moja yenye urefu wa kijiji, na picha inatoka safi kiasi kwamba paa moja moja unaliona. Hesabu hiyo yote ina sharti moja, nalo ni kwamba ardhi itulie. Nyumba imetulia, mgomba umetulia, kilima hakina pa kwenda. Gari linalokwenda linaivuruga hesabu. Linaonekana, ila si mahali pake: liko barabarani, nayo picha inaliweka ndani ya kibanja cha mtu, katikati ya migomba. Na dereva akibadilisha mwendo ghafla, doa lake linachafuka kama wino ulioguswa kabla ya kukauka.

Ili kuyapata magari hayo tunafunga antena mbili, moja mbele na nyingine nyuma. Ya nyuma inapiga picha ya pahali palepale, muda mfupi sana baada ya ya mbele, kisha kompyuta inaitoa picha moja kwenye nyingine. Kilichosimama kiko vilevile kwenye picha zote mbili, kwa hiyo kinafutika. Kinachobaki kwenye weusi ule ni vile vitu vilivyotembea tu. Nilikuwa naipenda hatua hiyo kuliko zote. Milima, makanisa, shule, maelfu ya migomba, vyote vinaondoka kwa mara moja, na mimi nabaki na vidoa vitatu vinavyong'aa. Nilikuwa najisikia mtu mwenye akili.

Mradi wetu ulipofika hatua ya majaribio, tulihitaji barabara ya vumbi yenye vilima na migomba, na magari yanayokwenda mwendo tunaoujua. Mimi ndiye niliyependekeza kwetu. Nilitoa sababu za kitaalamu na mkuu wangu akazikubali. Sababu yenyewe sikuisema: nilitaka ndege yangu ipite juu ya paa la baba yangu.

Tuliajiri vyombo vitatu. Lori moja tulilipata Songambele, bodaboda moja kijijini, na cha tatu ilikuwa pikapu ya baba. Ni pikapu ya zamani, iliyopauka mpaka rangi yake ya kwanza watu wanaibishania, anayobebea ndizi na kahawa ya maganda kwenda gulioni. Mlio wake unajulikana kwa kila mtu. Wagonjwa wengi wa kijiji chetu wamewahi kusukwasukwa humo wakielekea hospitali ya Nyakahanga, na wengine walizaliwa kabla ya kufika.

Hapa lazima niseme kuhusu machela. Kijiji chetu kina chama cha kubeba wagonjwa na kuzikana. Machela, ambayo kwa Kinyambo tunaiita engozi, hubebwa mabegani na wanaume wanne, na wengine wanatembea pembeni wakisubiri zamu. Mtu akizidiwa, wanaume wanaacha majembe na kutoka kwenye vibanja vyao. Kaya isiyotoa mtu hukemewa. Ikirudia, jina linakatwa, na aliyekatwa jina akifiwa hakuna atakayekuja kumchimbia kaburi wala kumbebea maiti. Mzee mzima anaweza kulala njaa akastahimili, lakini hilo la jina kukatwa linamnyima usingizi. Kwa mwenye gari sheria ni fupi: machela haipitwi. Ukiikuta njiani unasimama, unashusha mzigo wako, unapakia mgonjwa. Hakuna aliyeiandika mahali popote, na baba alikuwa ameitii maisha yake yote bila hata kuiita sheria.

Asubuhi ya jaribio nilimpigia simu kutoka uwanja wa ndege wa Bukoba. Nilikuwa nimeshamwelekeza siku mbili kabla, lakini namjua baba, ni mtu wa kusimama kumsalimu kila anayemkuta na kumuulizia mpaka mbuzi wake. Nikamwambia tena: aanze pale njia panda ya kanisa nikimbipu, aende kilomita arobaini kwa saa, asizidi, asipungue, mpaka kituo cha kununulia kahawa.

"Na nikikuta mtu?" aliuliza.

"Usisimame, tata. Ukisimama rada haikuoni, na ndege hairudi tena. Hata ukimkuta askofu, mpungie mkono upite."

Alicheka mpaka akakohoa. Akasema askofu atanishtaki kwa Mungu, akakata simu.

Nilipanda ndege nikakaa nyuma ya rubani, nikitafuna tangawizi kuzuia kichefuchefu. Ulikuwa wakati wa kiangazi, vilima vimekauka juu na mabonde bado ya kijani. Tulipofika usawa wa kwetu nilimbipu, kisha nikachungulia dirishani. Niliona lori, vumbi lake refu likielea nyuma, na mbali nyuma yake uzi mwingine mwekundu wa vumbi. Nilijua ni yeye. Nilipiga picha kwa simu. Kwenye skrini ya rada hapakuwa na cha kuona, ni mistari tu ya kuonyesha kwamba kumbukumbu inajaa, na mimi nilitosheka na mistari hiyo. Nilikuwa juu yao kabisa, na nilikuwa na furaha. Hilo linanichoma mpaka leo.

Picha tulizitengeneza wiki kadhaa baadaye, mjini. Lori lilitokea vizuri. Bodaboda ilisumbua, tukaipata. Doa la baba lilitokea ndani ya migomba, umbali uleule tuliokuwa tumeukokotoa, na wenzangu wakanipigia makofi. Nilipolikuza nikaona kuna kipande kilichochafuka. Mahali fulani kabla ya mteremko lilikuwa limetanuka na kufifia, kisha likajikusanya tena. Nilifungua kumbukumbu za kifaa cha GPS tulichompa. Mwendo ulikuwa arobaini, ukashuka ghafla mpaka kumi na mbili, ukakaa hapo kidogo, halafu ukapanda kupita hamsini kabla ya kurudi arobaini. Mkuu wangu alisema kipande hicho tukitupe, hakifai.

Niliona aibu. Barabara nilikuwa nimeichagua mimi, na dereva aliyeharibu kipimo ni baba yangu. Nilimpigia simu nikamsema kama mtoto. Alisema kulikuwa na shimo. Nikamjibu kwamba mashimo ya barabara ile anayajua kuliko meno yake, iweje aogope shimo siku ile moja niliyomwomba. Alisema nimsamehe. Nikaendelea, naye akasema tena nimsamehe. Baba yangu hana kawaida ya kuomba msamaha mara mbili. Ningekuwa na masikio ningeshtuka.

Nilirudi nyumbani msimu wa senene. Tulikuwa tumekaa na mama barazani asubuhi tukiwanyonyoa mabawa, ndoo katikati yetu, akaniambia kwamba nizungumze na baba aache kuendesha gari. Nilimuuliza kwa nini. Akasema watu hawapandi tena pikapu yake, wanasema mzee macho yamekufa. Wenye watoto wakisikia mlio wake wanawavuta pembeni. Nilitaka kucheka, kisha nikaona mama hacheki.

Akanisimulia. Bondeni, chini ya kwetu, anaishi kijana mmoja kibarua, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi miaka mingi iliyopita. Analima kwenye vibanja vya watu, naye ni mwanachama wa machela kama wengine, tena habagui zamu. Asubuhi moja mkewe alishikwa na tumbo. Machela ikatoka. Walipofika barabarani wakasikia mlio wa pikapu ya baba unapanda kilima, wakafurahi. Walimshusha mgonjwa, wakamlaza kwenye majani ya mgomba, wakasimama kando wakisubiri. Pikapu ikafika, ikawapita.

Hawakuamini. Walisema mzee amekosa mahali pa kugeuzia, atarudi sasa hivi, na kwa sababu ni yeye, walimsubiri. Kama angekuwa mtu mwingine wangebeba wakaendelea. Walisubiri mpaka mgonjwa akaanza kupoteza fahamu, wakampakia kwenye bodaboda iliyokuwa inapita, katikati ya dereva na mumewe. Alifika Nyakahanga amekwisha. Wauguzi walisema ilikuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, damu ilikuwa imemwagikia ndani. Aliacha watoto wawili.

Mama aliendelea. Baba alifika hospitali nyuma yao, na ndiye aliyemrudisha marehemu kwa pikapu hiyohiyo. Msibani aliwaambia watu kwamba vumbi la lori lililotangulia lilimpofua, hakuwaona. Wengine walinung'unika, lakini wengi walisema angewaona angesimama, mzee huyu tunamjua. Akapeleka mitungi ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, akakaa nao matanga yote, na mfiwa akampa mkono mbele ya watu. Likaisha hivyo. Ila kuanzia hapo akawa mzee asiyeona.

Nilimuuliza mama ilikuwa siku gani. Alinitazama kana kwamba nauliza jambo la kijinga, akasema, "Si ilikuwa siku ile ya ndege yako?"

Nilinawa mikono nikaenda kumtafuta baba. Nilimkuta kwenye kibanja akiuegemeza mgomba uliolemewa na mkungu, ameshika mti wa kuutegemeza. Sikumsalimu. Nilimwambia nina picha, na kwenye picha kuna mahali mwendo ulishuka, na pale hapana shimo.

Aliumalizia mgomba wake kwanza. Kisha akasema, "Niliwaona. Hata kitenge alichofunikwa nilikiona. Mguu ulikwenda kwenye breki, nikakumbuka ndege hairudi."

Mengine aliyasema akiwa ananipa mgongo. Alijiambia kituo cha kahawa hakiko mbali, atafika, atageuza, ni dakika chache. Alifika. Hakusubiri hata simu yangu ya kumwambia jaribio limekwisha, aligeuza na kukimbiza gari kama kichaa, na alipofika pale alikuta majani ya mgomba yamelaliwa na hakuna mtu. Ndipo akawafuata mpaka Nyakahanga. Nilimuuliza kwa nini aliwaambia watu habari ya vumbi. Alisema kwa sababu akikubali kwamba aliwaona, watauliza kwa nini hakusimama, na jibu la swali hilo lina jina langu ndani yake. Kisha akasema neno ambalo mimi, kwa elimu yangu yote, sikuwa nimelifikiria. Wale ni watu waliotoka Burundi. Kila mtu angesema mzee aliwapita kwa sababu hiyo.

"Mzee asiyeona wanamsamehe," alisema. "Mzee anayechagua wa kumbeba hawamsamehi. Niachie hili, mwanangu."

Ningemwachia. Ningerudi mjini kwenye vidoa vyangu, naye angebaki mzee asiyeona, anayefanyiwa mizaha gulioni, lakini mwenye watu. Sikuweza. Nikijitetea nasema ilikuwa dhamiri, na kweli nilikuwa silali. Lakini ilikuwa pia kiburi. Nilichukia kusikia vijana wakimwita kipofu, mtu ambaye mashine yangu ilithibitisha kwamba macho yake ni mazima. Na yeye mwenyewe alinilea kwa kuniambia msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Niliona nikienda kwa mfiwa nikasema kosa ni langu, lawama itahama kutoka kwake ije kwangu, kama vile mtu anavyohamisha mzigo kichwani. Watu wangesema binti yake msomi ndiye aliyemponza, basi. Ningeibeba lawama hiyo nikiwa mbali, ambako haiumi sana. Hilo nalo nilikuwa nimelipigia hesabu.

Jumapili baada ya ibada nilishuka bondeni na sukari na sabuni. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi, watoto wake wawili wakicheza na maganda. Alisimama kunipokea, akafuta kigoda kingine kwa mkono. Nilimpa pole, akasema tumeshapoa, dada. Alikuwa ameshakonda.

Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha. Nilimweleza habari ya ndege na jaribio, na kwamba mimi ndiye niliyemkataza mzee kusimama, asisimame kwa lolote wala kwa yeyote. Alisikiliza akiendelea kumenya. Nilipomaliza aliniuliza kama anaweza kuiona hiyo picha. Nilikuwa nayo kwenye simu. Hata sasa sijui kwa nini nilikuwa nayo kwenye simu.

Aliifuta mikono kwenye suruali, akaishika simu kwa uangalifu. Niliwahi kuona watu wengi wakiitazama picha ile, wakuu na wataalamu, na hakuna aliyeitazama hivyo. Aliuliza barabara iko wapi, nikamwonyesha mstari tuliouchora juu yake. Aliuliza doa lile ni nini. Nikasema ni gari la mzee.

"Mbona liko shambani?"

Nilimweleza kwamba gari likiwa linakwenda, mwendo wake unalihamisha kwenye picha, lakini tunajua namna ya kulirudisha barabarani. Alitikisa kichwa taratibu. Alipitisha kidole mpaka pale doa lilipochafuka.

"Na hapa?"

"Hapo alipunguza mwendo."

Kidole kilibaki palepale. Akauliza wao wako wapi kwenye picha, yeye na mkewe na wale wanaume. Nilimwambia hawapo. Walikuwa wamesimama, na mashine hiyo inafuta vyote vilivyosimama. Alikubali hilo upesi kuliko nilivyotegemea, kama mtu aliyezoea.

"Kwa hiyo mzee alituona," alisema.

Nilianza kusema tena kwamba ni mimi, agizo lilikuwa langu, yeye alitii tu. Alininyamazisha kwa kunyoosha kiganja, bila ukali.

"Mke wangu aliniambia pale chini, 'Mzee ametuona.' Nikambishia. Nikamwambia mzee yule hawezi. Hilo ndilo neno la mwisho nililozungumza naye akanielewa."

Alinirudishia simu. Alinishukuru kwa sukari, akanisindikiza mpaka kwenye njia, kama inavyopasa kwa mgeni, mtoto mmoja kamshika suruali. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Nilipanda kilima nikijua nimefanya jambo, ila bado nikidhani limeniangukia mimi.

Kikao cha chama kilikaa wiki iliyofuata. Yule kijana hakuomba adhabu yoyote, alisimama akasema tu kile nilichomwambia, akaketi. Baba aliitwa. Aliulizwa kama aliwaona, akasema ndiyo. Aliulizwa kwa nini basi alikubali kupewa mkono na mfiwa huku anajua, akamtazama yule kijana. Waliuliza kwa nini hakusimama. Alisema alikuwa na haraka.

Nilisimama nyuma, mahali walipokaa wanawake, nikasema haraka ilikuwa yangu. Mwenyekiti alinijibu kwa heshima zote kwamba wananijua, wananipenda, na wanajivunia elimu yangu, lakini jambo hilo ni la wanaobeba, nami si mmoja wao. Akasema hakuna aliyemshika mzee mguu. Nikaketi. Kisha mtu mmoja akalisema lile ambalo baba alikuwa ameliogopa, kwamba angekuwa mke wa mwenyeji pikapu ingesimama. Watu wakaguna. Nilimtazama baba. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona anataka kujitetea na hajui aanzie wapi, kwa sababu kisingizio pekee alichokuwa nacho nilikuwa nimeshakigawa bondeni pamoja na sukari. Jina likakatwa kabla ya adhuhuri.

Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wangu haukuponza kichwa changu.

Niliongeza likizo. Mama alikuwa ameacha kuniambia habari za jirani, maana hakuna jirani aliyekuwa anamletea. Siku chache kabla sijaondoka alifariki mzee mmoja wa kitongoji chetu, rika la baba, waliolelewa pamoja. Niliona baba akichukua jembe na sepetu asubuhi na mapema, akavaa buti, akaenda kuchimba kaburi kama alivyofanya siku zote. Sikuthubutu kumzuia. Nilidhani wakimwona na jembe begani watalegea.

Hakukaa hata nusu saa. Alirudi na zana zake hazina udongo. Alizisimamisha ukutani, akavua buti, akaketi kwenye ukingo wa turubai tulipoanikia kahawa, akaanza kuigeuza kwa kiganja kana kwamba hiyo ndiyo kazi iliyomrudisha. Niliketi upande wa pili. Nilitaka anigombeze. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo kwa siku nyingi, hata maneno nilikuwa nimeyapanga. Nilianza kuomba radhi na hakunisikiliza. Alikuwa anafikiria jambo jingine, kwa utulivu, kama mtu anayepanga safari ya gulioni.

"Nikifa, nani atanibeba?" aliuliza.

Nilimwambia asiseme hivyo. Nikasema, nikiwa mjinga mpaka mwisho, kwamba mimi na dada yangu tutakodi gari zuri, hata kutoka mjini, halitakosekana.

"Gari litafika uani," alisema. "Kutoka uani mpaka makaburini kwenye migomba hapapiti gari. Panataka mabega."

Aliendelea kugeuza kahawa. Machela inataka wanaume wanne, na nyumbani kwetu mwanamume ni yeye peke yake.